Kuwafuata Dagaa hadi Kariba

Mimi ni mtoto wa Ujiji, ingawa sasa naishi Mbeya. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa Tunduma, nikaona gunia la dagaa wakavu kwenye meza ya mfanyabiashara. Akaniambia ni kapenta, wanatoka Zambia, Bwawa la Kariba. Nikaokota mmoja nikamgeuzageuza. Nikamwambia, "Kaka, huyu ni lumbu wa kwetu." Akacheka, akadhani natafuta punguzo.

Baadaye nikaja kusoma kwamba sikukosea. Mwaka 1967 na 1968 serikali ya Zambia ilichukua vifaranga vya lumbu kutoka Ziwa Tanganyika, ikavisafirisha kwa ndege na kuvimwaga Kariba. Samaki wa mto Zambezi walikuwa wamezoea kingo na mikondo, na bwawa lilipojaa, maji ya katikati yalibaki hayana wa kuyatumia. Dagaa wetu wakapewa nyumba. Tangu hapo nilitaka kwenda kuwaona hao ndugu zangu, na Septemba 2024 nikapata likizo. Haya nimeyaandika nikiwa nimesharudi, kutoka kwenye daftari na picha za simu. Bei zote ni za wakati ule, kwacha moja ikiwa kama shilingi mia moja za kwetu.

Jumapili, 15 Septemba: Mbeya, Tunduma, Mpika

Coaster ya alfajiri hadi Tunduma, shilingi 7,000. Foleni ya malori ilianza mapema kuliko nilivyotarajia, na dereva wetu akatembelea bega la barabara kana kwamba ndilo lilijengwa kwa ajili yake. Mpakani mhuri wa kutoka na wa kuingia unagongwa ndani ya jengo moja. Mtanzania hahitaji viza. Kadi ya homa ya manjano mimi niliombwa, jirani yangu hakuombwa. Beba tu.

Mambo mawili kwa atakayefuata. Ukivuka, rudisha saa nyuma kwa saa moja, la sivyo utabishana na wakata tiketi bure. Na vijana wa kubadilisha fedha wana mtindo wa kukunja noti katikati ili noti moja ihesabike mara mbili. Nilikuwa najua hilo, nikahesabu mwenyewe, na bado nilipofika kwenye basi nikakuta noti mbili za kwacha mia hazipo. Sijui zilitokaje. Badilisha kidogo tu pale, nyingine badilisha mjini.

Nauli ya Nakonde hadi Lusaka ilikuwa kwacha 480. Basi la saa tano liliondoka saa nane mchana. Sikujua maana ya ucheleweshaji ule mpaka usiku. Zambia mabasi ya abiria hayaruhusiwi kutembea kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo ukichelewa kuondoka Nakonde, utalala popote saa tatu itakapokukuta. Sisi ilitukuta Mpika. Dereva akazima injini, akaegemeza kiti, na kabla ya dakika kumi alikuwa anakoroma.

Mpika ni nyanda za juu, na mimi nilikuwa nimefungasha nguo za joto la Zambezi. Mama mmoja aliyepandia Chinsali alinitazama ninavyojikunyata, akafungua mfuko akanirushia kitenge. Kiswahili chake kilikuwa cha Tunduma, kifupi na cha bei: "Chukua, baridi mingi." Kisha akatoa kipande cha chikanda, kile kinachofanana na soseji nene ya kahawia, kinachopikwa kwa viazi vya okidi na karanga. Watu wa Makete watakielewa: okidi nyingi za Zambia zinavushwa kutoka nyanda zetu za kusini, na uchimbaji huo ni moja ya sababu Kitulo ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Nilikila kwa dhamira iliyogawanyika. Kitamu. Nilipotaka kumlipa alfajiri, alinisukuma mkono kama mtu anayefukuza nzi.

Jumatatu, 16 Septemba: Lusaka

Serenje, Mkushi, Kapiri Mposhi, Kabwe. Nililala njia nzima.

Stendi kuu ya Lusaka iko barabara ya Dedan Kimathi, na nilipoona kibao nilijisikia nimepokelewa. Kilichonipokea hasa, lakini, ni ngurumo. Kila duka lina jenereta nje, kinyozi ana jenereta, muuza juisi ana jenereta. Ukame wa msimu wa 2023 na 2024 ulikuwa umekausha mashamba kiasi kwamba Rais Hichilema alitangaza janga la kitaifa Februari ile, na nchi inayotegemea maji ya Kariba kwa umeme ikabaki gizani sehemu kubwa ya siku.

Asubuhi iliyofuata stendi niliona wanauza vitumbuwa. Nikanunua vitano nikijiandaa kwa mchele na nazi. Ni maandazi ya duara ya ngano. Si vibaya, ila jina linaumiza.

Jumanne, 17 Septemba: Siavonga

Basi dogo la Siavonga, kwacha 180, husubiri lijae. Tulisubiri saa tatu. Ni kama kilomita 200 tu, ila huwezi kuzipima kwa kilomita. Baada ya Kafue barabara inaanza kuteremka bonde la Zambezi na hapo unakuwa nyuma ya malori yaendayo Chirundu, mpakani na Zimbabwe, yanayoshuka kwa gia nzito huku harufu ya breki ikiingia madirishani. Chini korongoni kuna mabaki ya yaliyoshindwa. Abiria wote hunyamaza sehemu hiyo, hata yule aliyekuwa anahubiri.

Karibu na Chirundu unakata kulia, na kuanzia hapo ni mibuyu na joto. Kisha kilima kimoja cha mwisho, na bwawa likajitokeza lote kwa mpigo. Nimekua na ziwa mlangoni, sishtuki kirahisi kwa maji. Hili lilinishtua kwa sababu ya rangi ya kingo zake. Kuzunguka kila kisiwa na kila kilima kulikuwa na mkanda mpana, mweupe kama chokaa, kuonyesha maji yalipokuwa zamani. Karibu na ufuko, vichwa vya miti iliyozama zaidi ya miaka sitini iliyopita vilikuwa vimetoka nje, vikavu, vyeusi, kila kimoja na ndege wake.

Nyumba ya wageni ilikuwa kwacha 350. Mama mwenye nyumba alinieleza utaratibu: umeme huja kwa muda wa saa tatu hivi kwa siku, mara nyingi usiku wa manane. "Ukisikia friji inanguruma, amka uchaji simu." Kutoka barazani kwake unaona taa za ukutani kwa bwawa.

Jioni nikateremka ufukweni kutafuta safari ya usiku na wavuvi. Rigi, majukwaa yao ya kuvulia, zote zilikuwa zimefungwa, zimejipanga kama ng'ombe zizini. Nikamuuliza kijana aliyekuwa anashona wavu kuna nini. Hakusema kitu, akanyoosha sindano ya wavu kuelekea mashariki. Mwezi ulikuwa unachomoza, mzima, mwekundu.

Mtoto wa Ujiji mzima, nimepanga safari ya dagaa kwenye mbalamwezi! Kigoma vipe, mitumbwi yetu ya kuvulia dagaa, hupumzika siku hizo, kila mtoto anajua: dagaa hufuata taa gizani, na mwezi ukiwaka taa ya mvuvi haina maana. Nimekaa Mbeya muda mrefu sana. Yule kijana alicheka mpaka akadondosha sindano, akaniambia nirudi Jumatatu.

Jumatano, 18 Septemba: ukutani

Friji ilinguruma saa kumi alfajiri. Nikachomeka simu nikatoka nje, nikaona mwezi una kipande kidogo kimemegwa pembeni, kama mtu ameuma andazi. Kupatwa kidogo kwa mwezi. Mwenye nyumba alikuwa ametoka pia, na kanga yake mabegani, tukasimama bila kusema chochote mpaka mwezi ukarudi mzima. Kisha umeme ukakatika, simu ikiwa asilimia 31.

Ukuta wa bwawa ndio mpaka wenyewe wa Zambia na Zimbabwe. Huhitaji kuingia Zimbabwe kuutembelea: unaacha pasipoti kwa uhamiaji upande wa Zambia, unapewa kikaratasi, unatembea hadi utosheke, unarudi. Nenda kabla ya saa tatu asubuhi. Saa sita lami ilikuwa inanata kwenye soli.

Ni upinde wa zege wenye kimo cha mita 128, umejengwa kati ya 1955 na 1959 kwa usanifu wa Mfaransa André Coyne na mikono ya kampuni ya Kiitaliano, Impresit, pamoja na maelfu ya vibarua wa Kiafrika. Mkono wako wa ziwani maji yametulia karibu yako. Upande wa pili unachungulia korongo, na chini kabisa mto unaendelea na safari yake mwembamba kama kamba. Milango sita ya kumwagia maji ilikuwa imefungwa kavu. Maporomoko ya milango hiyo kwa miaka mingi yalichimba shimo kubwa chini ya ukuta, na tangu 2017 mafundi walikuwa wakilipanua na kulichonga upya ili nguvu ya maji isirudi kuula msingi.

Mlinzi mmoja, alipojua natoka Tanzania, aliniuliza habari za bwawa letu la Rufiji. Tukakaa kivulini tukapiga hesabu kwenye kikaratasi changu cha uhamiaji. Mitambo ya Zambia megawati 1,080, ya Zimbabwe 1,050, jumla 2,130. Bwawa la Julius Nyerere ni 2,115. "Karibu pacha," akasema. Kisha akanionyesha alama za kina kwenye mwamba. Mitambo hutegemea maji yawe kati ya mita 475.50 na 488.50 juu ya usawa wa bahari. Mita kumi na tatu tu hizo ndizo umeme. Chini ya hapo ziwa linaweza kubaki na maji ya kumzamisha kila mtu unayemjua, na lisiwashe taa. Maji haya yote, kilomita za ujazo 180 likijaa, hakuna bwawa lililochimbwa au kuzuiwa na binadamu linaloyazidi duniani.

Aliongeza, kwa sauti ile ile ya hesabu, kwamba Nyaminyami bado hajaridhika. Ni joka la mto lenye kichwa cha samaki, na Watonga, wenyeji wa bonde hili, husema ukuta ulimtenganisha na mkewe aliyebaki chini ya mto. Mafuriko ya 1957 na yale makubwa zaidi ya 1958 yalisomba kazi ya Waitaliano katikati ya ujenzi, na huko hakuna anayeyaeleza kwa mvua peke yake.

Alhamisi, 19 Septemba: Lusitu

Hii ndiyo siku ambayo sikuipanga. Mwenye nyumba ana mdogo wake mwalimu, ana pikipiki, na Alhamisi hakuwa na vipindi mchana. Nilijaza mafuta ya kwacha 150, tukarudi njia niliyojia hadi Lusitu.

Watonga wapatao 57,000 wa Bonde la Gwembe walihamishwa, kaskazini na kusini mwa mto, ili maji yapate nafasi. Baadhi yao waliletwa Lusitu, upande wa chini wa ukuta, mbali na makaburi yao. Watu wa Chifu Chipepo walikataa. Tarehe 10 Septemba 1958, kijijini Chisomo, walikabiliana na polisi kwa mikuki, polisi wakafyatua risasi na watu wanane wakafa. Wengine wakapakiwa kwenye malori.

Mwalimu alinipeleka kwa mzee aliyepanda lori hilo akiwa mtoto. Alikuwa ameketi chini ya mti anasuka kamba ya magome. Nilisalimia Kitonga nilichofundishwa njiani, "Mwabuka buti?", na ilikuwa saa tisa alasiri. Hiyo ni salamu ya asubuhi. Mzee akaitikia "Kabotu" kwa heshima zote, kisha akamuuliza mwalimu kama mgeni ndiyo kwanza ameamka.

Anachokumbuka yeye ni mbwa. Mbwa hawakupakiwa, wakakimbia nyuma ya malori mpaka vumbi likawameza. Watu wazima walikumbuka *malende*, mahali pa kuombea mvua, ambapo sasa ni chini ya maji. Hawakuamini mto unaweza kupanda mlima. Kule walilima mara mbili kwa mwaka kwenye udongo wa mafuriko, hapa wanasubiri mvua. Mwaka ule mvua haikuja. Mahindi yake yalikuwa yamesimama shambani kama mabua ya kuwashia moto.

Nikamwambia nimekuja kuwaona kapenta, kwamba ni wa kwetu, waliletwa na ndege. Mwalimu akatafsiri. Mzee akaacha kusuka.

"Na ndege?"

"Ndiyo, mzee."

"Sisi lori," akasema, akaendelea na kamba yake.

Mkewe alitupikia nshima, ugali wao, na kapenta wa nyanya. Unga wenyewe ulikuwa wa kununua, na najua bei yake mwaka ule. Nilikula polepole nikitafuta namna ya kukataa nyongeza bila kukosa adabu. Neno lao la samaki ni *nswi*, neno lile lile la Kiswahili cha kale. Na karibu na hapo kuna mahali panaitwa Ing'ombe Ilede, ambapo hakuna Mswahili anayehitaji mkalimani: mbuyu ulioanguka ukafanana na ng'ombe aliyelala. Mwaka 1960, wakichimba sehemu ya matangi ya maji ya hawa waliohamishwa, wachimbaji waligonga makaburi ya wafanyabiashara wa kale yenye dhahabu, misalaba ya shaba, shanga za kioo na kome wa Bahari ya Hindi. Tulipita jioni. Usitegemee vioo na tiketi. Ni mti na kimya.

Ijumaa, 20 Septemba: ng'ambo

Niligonga mhuri kamili nikavuka hadi mji wa Kariba. Zimbabwe pia haitaki viza kwa Mtanzania, na dola ndogondogo ni bora kuliko kubwa, maana chenji ni tabu. Teksi ya kushirikiana ikanipandisha Kariba Heights, kwenye kanisa la Mtakatifu Barbara, la mviringo, walilolijenga Waitaliano wenyewe. Ndani kuna majina ya wafanyakazi 86 waliokufa kwenye ujenzi, Waitaliano na Waafrika kwenye orodha moja. Nilijaribu kuyasoma yote. Njiani kurudi dereva alisimamisha gari katikati ya mtaa kumpisha tembo, bila kuacha kuongea na simu.

Jumamosi na Jumapili sikufanya lolote la kuandikwa. Nilifua.

Jumatatu, 23 Septemba: rigini

Yule kijana alitimiza ahadi. Kapteni wake alikataa nauli, akataka tu nilete mkate, sukari na majani ya chai kwa watu wanne. Ilikuwa kwacha 130. Ukienda, valia koti zito, na choo maliza nchi kavu.

Rigi ni jukwaa la mbao juu ya maboya mawili marefu ya chuma, lina kibanda, winchi na wavu wa duara unaoning'inia kama chandarua kilichogeuzwa. Giza lilipoingia wakashusha wavu mita kama ishirini na tano, wakawasha taa. Mwezi ungechomoza kwenye saa tano, kwa hiyo tulikuwa na saa nne za biashara. Upeo mzima ukajaa taa, na kwa mara ya kwanza tangu Mbeya nilisikia kifua kikilegea. Ukifumba jicho moja, ni Kigoma.

Tulikunywa chai. Kijana akauliza kwetu tunavua vipi, nikamweleza mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, karabai za zamani na taa za sola za siku hizi. Alitaka kujua kama kwetu kuna mamba. Nikasema wapo, ila si kama hawa wa kwao. Tulikuwa tumeona macho mawili mekundu karibu na gati.

Kwenye saa mbili na nusu winchi ikaanza kulia. Wavu ukapanda na maji yakachemka rangi ya fedha, kisha ukatoka nje na sauti ile, kama mvua ya mchanga kwenye bati. Nikaingiza mkono. Mstari ule wa fedha ubavuni, taya lile lile. Lakini wadogo! Lumbu wa Tanganyika anaweza kufika urefu wa kiganja kizima, hawa walikuwa kama kidole changu cha mwisho. Kapteni akasema ndivyo walivyo wote. Wengine walipenya mitambo ya umeme wakateremka na mto hadi Cahora Bassa, Msumbiji, na huko ni wadogo zaidi.

Tuliwatia chumvi papo hapo. Mivuto mitatu, beseni sita. Kapteni hakufurahi, miaka ya nyuma beseni sita ulikuwa mvuto mmoja. Mwezi ukachomoza, wakazima taa.

Kurudi

Jumanne niliwaona wakianikwa kwenye vichanja vya wavu, nikanunua kilo mbili kwa kwacha 240. Safari ya kurudi ilikuwa ile ile kinyumenyume, ila safari hii niliwahi basi na tukalala Mkushi. Tunduma, afisa wa ukaguzi alinusa mfuko, akasoma pasipoti yangu mahali pa kuzaliwa, akanitazama. "Wewe wa Kigoma unabeba dagaa kutoka Zambia?" Akawaita wenzake waje waone. Jumla nilitumia kama shilingi 750,000, pamoja na zile kwacha mia mbili zilizopotea.

Kilo moja niliipakia kwenye basi la Kigoma kwa mama. Alipiga simu siku waliyofika.

"Mwanangu, hawa ni lumbu?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona wamedumaa?"

Nikamweleza habari ya ndege na bwawa. Akasikiliza, akauliza bei. Nilipomtajia alikaa kimya kidogo, kisha akasema chumvi yao, angalau, wameiweka vizuri.